Maswali na Majibu: Java Imebadilika, Seva Imegoma

Barua za safari hii zinafanana: programu ilikuwa inakwenda vizuri, mtu akapandisha Java au akapandisha seva, sasa hakuna kinachowaka. Kabla hujabadilisha chochote, soma mstari wa kwanza wa kosa, usiishie kwenye ule wa mwisho. Mashine ya Java (programu inayoendesha msimbo wa Java) ikikataa kuwaka, hilo ni tatizo moja. Klasi (faili la msimbo uliokompailiwa) ikikataliwa ni jingine, na klasi isipoonekana ni la tatu. Haya hayatibiwi kwa dawa moja, ingawa wengi huyatibu yote kwa kubadilisha toleo la Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java.

Ndugu mhariri, war (kifurushi cha programu ya wavuti) ninayoijenga inawaka vizuri kwenye kompyuta yangu. Nikiipeleka kwenye seva napata UnsupportedClassVersionError, yenye maneno "class file version 61.0" na mbele kidogo "up to 55.0". Nimeshabadilisha Tomcat mara mbili. Nifanye nini?

Iache Tomcat, haina kosa hapa. Namba hizo ni muhuri ambao kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa klasi) huugonga kwenye kila faili la klasi. Toa 44 upate Java yake: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Umekompaili kwa Java 17 na seva inaendesha Java 11. Java mpya husoma muhuri wa zamani bila shida. Ya zamani haiusomi muhuri mpya, na hakuna swichi ya kuilazimisha.

Ukitaka kuuona muhuri kwa macho yako, chungulia baiti nane za kwanza za faili:

xxd -l 8 Ankara.class

Utaona cafe babe 0000 003d. Nne za kwanza ni alama iliyo kwenye kila faili la klasi, mbili zinazofuata ni toleo dogo, na mbili za mwisho ndizo tunazozitafuta: 3d kwa namba za msingi wa 16 ni 61. Ukikuta 34 ni Java 8, 37 ni Java 11, 41 ni Java 21.

Sasa angalia jina la klasi lililotajwa mwanzoni mwa ujumbe. Kama ni klasi yako, ijenge upya kwa swichi ya --release 11. Ukijenga kwa chombo cha Maven weka maven.compiler.release iwe 11, na ukijenga kwa Gradle andika options.release = 11. Usitumie -source na -target peke yake kama miongozo mingi ya zamani inavyoelekeza. Hizo hubadilisha muhuri tu, lakini kompaila inaendelea kutazama maktaba za JDK (kifurushi cha Java cha watengeneza programu) uliyonayo. Mfano unaowasumbua watu hadi leo ni ByteBuffer. Katika Java 8, mbinu ya flip() ilirithiwa kutoka Buffer na ilirudisha Buffer. Kuanzia Java 9, ByteBuffer ina flip() yake inayorudisha ByteBuffer. Ukikompaili kwa JDK 11 ukitumia -target 8, klasi itapokewa na Java 8 bila kelele, kisha siku mtumiaji anapobonyeza kitufe kinachofika pale, inaanguka kwa NoSuchMethodError. Kwa --release, kompaila inatumia orodha ya mbinu zilizokuwepo katika toleo ulilolitaja, kwa hiyo mtego huo haupo. Swichi hii inapatikana kuanzia javac ya JDK 9.

Kama klasi iliyotajwa si yako, kujenga upya hakutasaidia. Mara nyingi ni maktaba iliyopandishwa kimyakimya. Spring 6, kwa mfano, imegongwa 61 na haiendi chini ya Java 17. Hapo una njia mbili: kuipa seva Java 17, au kurudi Spring 5.3.

Nimesakinisha Java 17. Nikiandika java -version naona 17, lakini logi ya Tomcat inasema bado inaendesha 1.8, yaani Java 8. Nimewasha upya mashine nzima.

Dirisha lako la amri na huduma ya Tomcat ni watu wawili wasiofahamiana. Unachoandika kwenye .bashrc au .profile kinakuhusu wewe uliyeingia. Huduma inayowashwa na systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) haikisomi.

Kwenye Linux tafuta folda ya bin ya Tomcat na utengeneze faili liitwalo setenv.sh. Kwa kawaida halipo, ni lazima uliandike mwenyewe. Mstari mmoja unatosha:

JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk

Njia hiyo inatofautiana kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, basi thibitisha ya kwako kwanza. Kisha hakikisha hakuna mahali palipobaki na JRE_HOME, kwa sababu hati za Tomcat humsikiliza JRE_HOME kwanza. JAVA_HOME hutumika pale JRE_HOME inapokuwa tupu. Tumeshaona setenv.sh sahihi kabisa ikipuuzwa kwa sababu ya mstari mmoja wa JRE_HOME uliosahaulika ndani ya faili la huduma. Ukibadilisha faili la huduma lenyewe, andika systemctl daemon-reload kabla ya kuwasha upya.

Kwenye Windows, Tomcat ikisakinishwa kama huduma haisomi setenv.bat wala JAVA_HOME. Fungua Tomcat9w.exe, nenda kichupo cha Java, na uangalie njia ya jvm.dll iliyoandikwa pale. Wengi hubadilisha namba ya folda tu na kusahau kuwa mpangilio wa ndani nao umebadilika. Katika JDK 8 faili hilo lilikaa jre\bin\server, lakini kuanzia JDK 9 liko bin\server, kwa sababu folda ya jre haipo tena.

Ushahidi wa mwisho usiutafute kwenye mipangilio, uulize mchakato unaoendesha: jcmd ikifuatiwa na namba ya mchakato na VM.version. Iendeshe ukiwa mtumiaji yuleyule anayemiliki Tomcat, la sivyo itakataa kuunganisha. Kwenye Linux, readlink /proc/NAMBA/exe nayo inatoa jibu lilelile.

Tumetoka Java 8 kwenda 17. Tomcat haiwaki kabisa. Hakuna logi ya programu, kuna "Unrecognized VM option" na "Could not create the Java Virtual Machine" basi. Nikifuta swichi moja inalalamikia nyingine. Ziko ngapi?

Mashine ya Java husimama kwenye swichi ya kwanza isiyoijua, ndiyo maana unazigundua moja moja. Huhitaji kuwasha Tomcat kila mara ili uzipate. Chukua mstari wote wa CATALINA_OPTS na JAVA_OPTS, mahali zinapoandikwa swichi za Java, uuweke mbele ya -version:

java $JAVA_OPTS $CATALINA_OPTS -version

Jaribio linachukua chini ya sekunde mbili. Rudia mpaka lipite, ndipo uguse seva.

Wahalifu wa kawaida tunawajua. MaxPermSize, kikomo cha eneo la kumbukumbu liitwalo PermGen: eneo hilo liliondolewa Java 8, ambayo ilitoa onyo tu na kuendelea. Java 17 hailitambui tena jina hilo. Ifute bila kuiwekea mbadala, na usikimbilie kuandika MaxMetaspaceSize kwa namba ileile ya zamani, kwani utakuwa umejiwekea ukuta mahali ambapo haukuwepo. UseConcMarkSweepGC, yaani CMS: mkusanya taka huyo (sehemu ya Java inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena) aliondolewa Java 14. Futa hiyo pamoja na swichi zote zinazoanza na CMS, na UseParNewGC pia. G1 ndiye chaguo-msingi tangu Java 9, isipokuwa kwenye mashine yenye prosesa moja au kumbukumbu ndogo, ambako Java huchagua Serial yenyewe.

PrintGCDateStamps, UseGCLogFileRotation na ndugu zao walikufa Java 9 pale mfumo wa logi ulipoandikwa upya. Kazi yote sasa inafanywa na swichi moja:

-Xlog:gc*:file=/var/log/tomcat/gc.log:time,uptime:filecount=5,filesize=20m

Iweke ndani ya alama za nukuu kwenye setenv.sh, kwa sababu ya ile nyota.

Na kuna java.endorsed.dirs. Tomcat za zamani na seva nyingi za wakati ule ziliipitisha zenyewe. Kuanzia Java 9 mashine inakataa kuwaka ikiiona. Ukiikuta kwenye hati ya kuwashia iliyonakiliwa miaka mingi iliyopita, dawa ni kutupa hati nzima na kutumia iliyokuja na Tomcat, kisha mambo yako uyaweke kwenye setenv.sh.

Utasikia pia habari za -XX:+IgnoreUnrecognizedVMOptions. Inafanya kazi, na hatuipendi. Siku utakapokosea herufi kwenye swichi ya -XX, nayo itapuuzwa kimya, na hutajua.

Sasa inawaka, lakini napata NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException. Klasi hii ilikuwa sehemu ya Java. Imekwenda wapi?

Imetolewa. Java 11, iliyotoka Septemba 2018, iliondoa moduli za JAXB (ya kugeuza vitu kuwa XML na kurudi), JAX-WS, JavaBeans Activation, CORBA, pamoja na vipande vya javax.transaction na javax.annotation vilivyokuwa ndani ya JDK. Katika Java 9 na 10 mtu aliweza kuirudisha kwa --add-modules java.xml.bind. Ukiibakiza swichi hiyo ukiwa Java 11 au zaidi, mashine haitawaka, itasema moduli haipatikani.

Kama seva yako ni kamili kama WildFly au WebLogic, JAXB inatoka kwenye seva, na ukiibeba tena ndani ya war unaweza kupata klasi mbili za jina moja zinazogombana. Kama ni Tomcat au Jetty, ibebe mwenyewe. Unahitaji faili mbili kwenye pom (faili la mipangilio ya Maven): jakarta.xml.bind-api 2.3.3, na jaxb-runtime ya ukoo wa 2.3 kutoka org.glassfish.jaxb.

Angalia hizo namba kwa makini. Jina la faili linasema jakarta, lakini toleo la 2.3.3 ndani yake bado lina pakeji za javax.xml.bind. Kuanzia 3.0 ndipo pakeji zinageuka kuwa jakarta.xml.bind. Mtu akiona jina akachukua toleo jipya kuliko yote, kosa linabaki vilevile na anashangaa, maana faili ameliweka na analiona kwenye WEB-INF/lib. Hali ni hiyohiyo kwa @PostConstruct na @Resource: jakarta.annotation-api 1.3.5 ina javax ndani, 2.0 ina jakarta.

Kuna InaccessibleObjectException yenye maneno "module java.base does not opens java.lang to unnamed module". Mwenzangu ananiambia nirudi Java 11. Ni kweli hakuna njia?

Njia ipo. Kuna maktaba kwenye programu yako inayopenya kwenye matumbo ya Java kwa rifleksheni, yaani kuzifikia klasi kwa majina yake wakati programu inaendeshwa. Java 9 hadi 15 iliruhusu huku ikionya kwa maneno "illegal reflective access". Java 16 ilifunga mlango, na Java 17 ikaondoa ufunguo wa jumla ulioitwa --illegal-access. Kilichobaki ni kufungua chumba kimoja kimoja, na ujumbe wenyewe unakutajia ni chumba kipi: moduli java.base, pakeji java.lang. Unaandika hivi:

--add-opens=java.base/java.lang=ALL-UNNAMED

Kesho ukipata ujumbe wa java.util, unaongeza mstari wa pili wenye java.base/java.util.

Kwenye Tomcat za karibuni, catalina.sh tayari inafungua baadhi ya vyumba hivi kupitia JDK_JAVA_OPTIONS. Ndiyo maana kila inapowaka unaona mstari wa "Picked up JDK_JAVA_OPTIONS". Si kosa. Ongeza vyako kwenye setenv.sh, katika CATALINA_OPTS. Kwenye WildFly viweke standalone.conf, katika JAVA_OPTS. Kuandika Add-Opens ndani ya manifesti ya war ni kazi bure, kwa sababu manifesti inayosomwa ni ya jar inayowashwa na amri ya java yenyewe, na war haiwashwi hivyo.

Hata hivyo, kabla ya kufungua vyumba sita, angalia jina la maktaba kwenye mistari ya chini ya kosa. Mara nyingi ni cglib, javassist au maktaba ya zamani ya kugeuza vitu kuwa XML, na toleo jipya lake halihitaji ufunguo wowote. Ukitaka kuwajua wapenyaji kabla ya kuhama, jdeps --jdk-internals ikifuatiwa na faili la jar itakuorodheshea. Kumbuka tu kwamba jdeps haioni rifleksheni inayotunga jina la klasi wakati wa kuendesha.

Msomaji mwingine ameuliza kuhusu "Unsupported class file major version 61", akidhani ni lile kosa la barua ya kwanza. Hapana. Hapa Java yenyewe imeikubali klasi. Aliyekataa ni ASM, maktaba ya kusoma baitikodi ambayo Spring hubeba ndani yake. ASM 9.1 ndiyo iliyoanza kuijua Java 17, na 9.5 ikaijua Java 21. Dawa ni kupandisha Spring au maktaba inayoibeba ASM, au kukompaili klasi zako kwa --release ya chini huku seva ikibaki Java 17.

Tumepandisha Tomcat 9 kuwa 10.1. Inawaka bila kosa hata moja, war inafunguka, lakini kila anwani inarudisha 404. Logi ni safi. Tumekesha.

Hili ndilo gumu kuliko yote kwa sababu halipigi kelele, na Java haina mkono wake hapa.

Oracle ilipokabidhi Java EE (kiwango cha programu za Java za seva) kwa Eclipse Foundation, jina la javax halikuruhusiwa kuendelezwa. Jakarta EE 9, iliyotoka 2020, ilihamisha pakeji zote za kiwango hicho kutoka javax kwenda jakarta. Tomcat 9 inazungumza javax.servlet. Tomcat 10 na kuendelea inazungumza jakarta.servlet.

Kwa nini basi 404 na si kosa? Tomcat inapowasha war, hupekua klasi ikitafuta alama ya jakarta.servlet.annotation.WebServlet. Servlet yako (klasi inayojibu maombi ya wavuti) imeandikwa javax.servlet.annotation.WebServlet. Kwa Tomcat hilo ni jina la kigeni lisilomhusu, anaipita. Hakuna servlet iliyosajiliwa, hakuna aliyelalamika, na anwani haina mwenyewe. Programu za Spring Boot 2 nazo huanguka vivyo hivyo, kwa sababu faili lao la META-INF/services limeitwa javax.servlet.ServletContainerInitializer, na Tomcat 10 hailitafuti kwa jina hilo. Kama servlet zako zingekuwa zimetajwa kwenye web.xml ungepata NoClassDefFoundError: javax/servlet/http/HttpServlet, na mngelala mapema.

Kwa dharura, tengeneza folda ya webapps-javaee pembeni ya webapps na uitupe war ndani yake. Tomcat 10 itaigeuza yenyewe na kuiweka webapps. Kama una msimbo asilia, badilisha jina humo na upandishe maktaba pamoja: Spring 6, Hibernate 6, na kadhalika.

Ila usifanye tafuta-na-badilisha ya kila javax. Nyingine ni za Java yenyewe na hazikuhama: javax.sql, javax.naming, javax.crypto, javax.net.ssl, javax.annotation.processing. Iliyo na hila zaidi ni javax.transaction: UserTransaction ilihama kwenda jakarta, lakini javax.transaction.xa ilibaki ndani ya Java. Ukiihamisha, dereva wa hifadhidata hatakuelewa.

Naomba mnitajie ni seva gani inakubali Java ipi.

Tomcat 8.5 inaanzia Java 7, na usaidizi wake ulikoma Machi 2024. Tomcat 9 inaanzia Java 8, 10.1 inaanzia 11, na 11 inaanzia 17. Jetty 9.4 ni Java 8, 10 na 11 ni Java 11, na 12 ni Java 17. Jetty 10 ni ya javax na 11 ni ya jakarta. Jetty 12 inabeba zote mbili, kila programu inachagua yake. WildFly 26 ndiyo ya mwisho kwa wanaobaki na javax. Ya 27 inataka Java 11 na jakarta, na ya 35 inataka Java 17. GlassFish 5 ni Java 8 peke yake. WebLogic 12.2.1.4 ni Java 8, 14.1.1 ni 8 na 11, na 14.1.2 ni 17 na 21.

Soma maneno "inaanzia" vizuri. Hicho ni kiwango cha chini. Cha juu mara nyingi hakiandikwi, lakini kipo. Tomcat ya zamani ikikutana na jar mpya yenye module-info.class ndani yake hutoa "Invalid byte tag in constant pool: 19", kwa kuwa kipekuzi chake hakijawahi kuona kitu kinachoitwa moduli. Mara nyingi programu huendelea kuwaka na logi kujaa uchafu tu. Kurasa za JSP (HTML iliyochanganywa na msimbo wa Java) zina mpaka wao pia, maana Tomcat huzikompaili yenyewe ikitumia kompaila ya Eclipse iliyomo kwenye folda ya lib. Tomcat 7 za mwanzo zilipowekwa juu ya Java 8 zilitoa "The type java.util.Map$Entry cannot be resolved": servlet zote zilifanya kazi, JSP zote zikawa 500. Ukiona mgawanyiko wa namna hiyo, shuku kompaila ya JSP kabla ya msimbo wako.

Kila kitu kimewaka, tumefurahi, kisha wahasibu wakaja: tarehe kwenye faili zinazotumwa zimebadilika, na herufi zenye alama zimeharibika. Hakuna aliyegusa msimbo.

Mabadiliko ya aina hii hayatoi kosa lolote. Kuanzia Java 9, maumbo ya tarehe yanatoka kwenye data ya CLDR, hazina ya desturi za uandishi za lugha na nchi mbalimbali. Data hiyo hubadilika toleo hadi toleo: katika Java 16, ufupisho wa Septemba kwa Kiingereza cha Uingereza uligeuka kutoka Sep kuwa Sept, na katika Java 20 nafasi iliyo kabla ya AM na PM iligeuka kuwa herufi U+202F, ambayo kwa macho ni nafasi tu lakini programu inayoisoma inakwama. Swichi ya -Djava.locale.providers=COMPAT ilirudisha mambo ya zamani, ila iliondolewa Java 23, kwa hiyo usijenge juu yake. Tarehe inayosomwa na mashine iandike kwa umbo ulilolitaja mwenyewe, kama yyyy-MM-dd, na locale (lugha na nchi) uliyoitaja. Usitumie mtindo wa MEDIUM au SHORT.

Herufi ni suala la Java 18, iliyofanya UTF-8 kuwa chaguo-msingi kila mahali. Kabla yake, kwenye Windows, FileReader isiyotajiwa usimbaji ilitumia ule wa mfumo. -Dfile.encoding=COMPAT inairudisha tabia hiyo mkitafuta muda. Tiba ni kutaja usimbaji kila faili linapofunguliwa.

Na muunganisho wa hifadhidata ukikatika siku hiyohiyo kwa maneno "TLS10 is not accepted by client preferences", jueni kwamba TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya itifaki ya kulinda mawasiliano, zilizimwa kupitia jdk.tls.disabledAlgorithms kwenye faili la java.security. Hilo lilikuja hata kwenye masasisho madogo, 8u291 na 11.0.11, basi linaweza kumkuta mtu ambaye hakuhama popote. Pandisheni upande wa hifadhidata. Kuhariri java.security ni kiraka, na sasisho linalofuata linaweza kukifuta.

Tuko Java 8, Tomcat 9, Spring 5.3. Tunataka kufika Java 21 na Tomcat 10.1. Tuanze na nini?

Anzeni na Java peke yake. Tomcat 9 inawaka juu ya Java 8 na pia juu ya Java 17, na klasi zenye muhuri 52 zinasomwa kote. Kwa hiyo wekeni Java 17 chini ya Tomcat ileile na war ileile, bila kujenga upya. Makosa mtakayoyapata hapo ni ya swichi, moduli zilizoondolewa na vyumba vilivyofungwa, na kurudi nyuma ni kubadilisha mstari mmoja wa JAVA_HOME. JDK mbili au tatu hukaa pamoja kwenye mashine moja bila kugombana.

Hatua ya pili, jengeni kwa --release 17. Mkishafanya hivyo, njia ya kurudi Java 8 imefungwa, kwa hiyo subirini angalau mwisho wa mwezi mmoja wa kazi kamili upite, ripoti zote zitoke. Hatua ya tatu ni Spring 6, jakarta na Tomcat 10.1, na hizo tatu ni lazima ziende siku moja kwa sababu hakuna kituo katikati yake. Java 21 ije mwisho. Kutoka 17 hadi 21 ni safari fupi kuliko zote, ingawa hapo ndipo ile UTF-8 ya Java 18 inapowakuta.

Siku ya Tomcat mpya, isakinisheni kwenye folda yake, msiimwage juu ya ya zamani. Msihamishe folda ya work wala faili la SESSIONS.ser: work ina JSP zilizokompailiwa dhidi ya javax, na SESSIONS.ser ina vitu vya klasi za zamani ambavyo Tomcat itajaribu kuvifufua ikiwaka. Watumiaji waliokuwa ndani wataingia upya, basi waarifuni mapema.